Saa ya Kugeuka Iwe ya Dereva

Tarehe 27 Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn ilikuwa imetia nanga nje ya kisiwa cha São Tomé, magharibi mwa Afrika, ikiwa njiani kutoka Cape Town kwenda Barcelona. Abiria wanane waliokuwa wamejikodishia matembezi yao wenyewe nchi kavu walichelewa kurudi. Walinzi wa pwani wakawapeleka kwa boti hadi kwenye meli, nayo ilikuwa bado haijang'oa nanga, lakini hawakuruhusiwa kupanda. Pasipoti zao zilishatolewa vyumbani na kukabidhiwa wakala wa bandarini. Kuanzia hapo ikawa ni kuifukuzia meli kutoka nchi hadi nchi. Walipofika Gambia kuisubiri, maji yalikuwa yamekupwa na meli ikashindwa kuingia. Waliipata Dakar, Senegal, tarehe 2 Aprili.

Habari hiyo ilienea dunia nzima, na watu wakagawanyika pande mbili: wengine walisema nahodha ana roho ngumu, wengine wakasema abiria walijitakia. Mimi ni mtu wa Mombasa, mji unaoishi kwa bandari yake, na kilichonikaa moyoni kilikuwa kingine. Matembezi ya namna hii hufanyika kwa gari, na gari lina dereva. Mara nyingi dereva ndiye anayeijua barabara kuliko wote walio garini, na ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote. Mgeni akisema "dakika kumi tu", yeye ndiye anayeombwa, na yeye ndiye asiyeweza kukataa.

Baharini hatufanyi hivyo. Meli inapokaribia bandari yetu ya Kilindini, hata nahodha wake awe ameizunguka dunia, rubani wa bandari hupanda na kuiongoza kuingia. Neno lake husikilizwa kwa sababu anaujua mkondo na anajua mwamba ulipo. Hakuna abiria anayemwomba rubani apite karibu zaidi na mwamba ili picha itoke vizuri. Ni desturi ya zamani katika pwani hii: Vasco da Gama mwenyewe, Aprili 1498, hakuvuka kwenda India mpaka alipopewa rubani mjini Malindi. Lakini abiria wakishakanyaga nchi kavu, tunawaingiza katika barabara yenye hatari zake na saa zake, kisha yule anayeijua tunamnyima neno.

Hoja yangu ni hii. Kundi linapopangiwa usafiri wa siku moja kutoka bandarini, saa ya kugeuka kurudi iandikwe kwenye mkataba, na ikifika, neno la mwisho liwe la dereva. Tena malipo yake yawe kamili na ya wazi, yasitegemee duka lolote la njiani. Haya mawili yanakwenda pamoja, kwa maana uchelewaji mwingi tunaousingizia foleni ya magari chanzo chake ni mfuko wa dereva.

Saa zinazouzwa ni saba na nusu

Tuichukue siku ya kawaida. Meli imefunga gati Kilindini saa moja asubuhi. Watu wa afya na uhamiaji wanapanda, karatasi zinakaguliwa, na abiria wanaanza kushuka saa mbili. Kundi la watu 40, wengi wao wastaafu, halijai garini kwa dakika tano. Mmoja amesahau kofia, mwingine anatafuta choo, wa tatu anataka kukaa na rafiki yake aliyepangiwa gari jingine. Magari yanaondoka saa mbili u nusu. Meli itang'oa nanga saa kumi na mbili jioni, na abiria wote wanatakiwa wawe ndani saa kumi na moja. Mpangaji mwaminifu huweka saa nzima ya tahadhari, kwa hiyo magari yawe yamerudi getini saa kumi. Kutoka saa mbili u nusu hadi saa kumi ni saa saba na nusu. Hiyo ndiyo bidhaa tunayomuuzia mgeni, na kila kitu kingine katika siku hiyo kinakatwa humo.

Sasa wageni wanataka simba. Mbuga iliyo karibu yenye simba ni Tsavo Mashariki, na lango lake la Bachuma liko kama kilomita 100 kutoka mjini. Tangu sheria za usalama barabarani zijulikanazo kama sheria za Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004, gari la abiria linatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo, lisizidi kilomita 80 kwa saa. Kwenye karatasi safari hiyo ni ya saa moja na robo. Lakini hakuna anayesafiri kwenye karatasi. Kwanza utoke kisiwani kupitia Makupa, upite Changamwe, upande Mazeras, ufike Mariakani, na njia yote hiyo uko pamoja na malori yaliyobeba mizigo ya Nairobi, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Barabara hiyo ndiyo mshipa wa nusu ya Afrika Mashariki, na upanuzi wake umetuchukua miaka. Anayepanga kwa busara huweka saa mbili na nusu kwenda, na saa mbili na nusu kurudi.

Saa tano zimekwisha. Zimebaki mbili na nusu za kulipia langoni, kula, kwenda chooni na kumtafuta simba. Siku hiyo inawezekana, na nimewaona wageni wakirudi na furaha ya kweli usoni. Lakini haina nafasi ya pancha moja, wala duka moja, wala zile "dakika kumi tu".

Niliwahi kumsikia binti mmoja mwongoza wageni akimwambia dereva mtu mzima, "Ami, wageni wanaomba tungoje kidogo, huenda simba wakatoka." Yule mzee akamjibu kwa upole, "Mwanangu, simba hana saa. Meli inayo." Akawasha gari, wakaondoka. Baadaye nilielewa kwa nini aliweza kusema vile: gari lilikuwa lake mwenyewe. Hakuna ambaye angempigia simu jioni kumwambia wageni wamelalamika, kesho usije. Kijana aliyeajiriwa kwa siku hiyo tu, mwenye gari la mtu mwingine, angengoja. Kisha angezitafuta zile dakika barabarani, kwa kuyapita malori mahali pasipofaa.

Kuna pia jambo la saa zenyewe. Meli nyingi zinazofika hapa hupitia Shelisheli, ambako saa iko mbele yetu kwa moja, au hutoka Afrika Kusini, ambako iko nyuma yetu kwa moja. Simu ya mgeni inaweza kusoma saa ya nchi kavu wakati meli inafuata yake. Juu ya hapo, ratiba ya meli ikisema "16:00", kwetu sisi ni saa kumi, na anayesoma haraka haraka anaweza kuchukua kumi ya upande mwingine. Dawa yake ni rahisi: saa ya meli ndiyo saa ya siku hiyo, iandikwe kwa namna zote mbili kwenye kadi iliyobandikwa mbele ya gari, na isomwe kwa sauti kabla gari halijasogea.

Fedha inavyopukutika njiani

Wengi hudhani dereva hulipwa vizuri siku ya meli, kwa kuwa mgeni amelipa pesa nyingi. Tuifuate njia ya fedha hiyo. Mgeni hulipa ofisi ya matembezi iliyo ndani ya meli. Ofisi hiyo ina mkataba na kampuni kubwa nchini, yenye jina na bima. Meli moja inaweza kuhitaji makumi ya magari asubuhi moja, kisha wiki kadhaa zikapita bila meli nyingine, kwa hiyo hakuna kampuni inayoweza kuweka magari yote hayo yakae yakingoja. Kampuni kubwa hukodi kwa ndogo, ndogo hukodi kwa wenye gari mojamoja, na magari hukusanywa kutoka Diani, Malindi, hata Nairobi. Mwenye gari naye humtafuta dereva. Kila mkono uliopitiwa na fedha umebakiwa na kitu. Kinachomfikia anayeshika usukani ni posho ya siku, na ahadi kwamba wageni wa meli "hutoa bakshishi".

Dereva huyo ameamka usiku. Alfajiri yuko kwenye foleni ya magari nje ya geti la bandari na karatasi zake mkononi, akingoja kuruhusiwa kuingia. Atakaa hivyo saa mbili au tatu kabla hajamwona mgeni, na saa hizo hakuna anayemlipa. Jioni, baada ya kushusha wageni, atarudisha gari kwa mwenyewe, pengine mbali nje ya mji.

Anajazia wapi? Kwenye duka la vinyago. Kando ya barabara kuu kuna maduka yanayompa dereva kamisheni kwa kila mgeni anayenunua, na mengine humpa chochote kwa kusimamisha gari tu. Mgeni anaambiwa ni mapumziko ya choo, naye anakuta choo kiko nyuma ya ukumbi mrefu wa twiga wa mbao. Simlaumu dereva kwa hilo. Ule ndio mshahara ambao waliotangulia katika mnyororo walimwachia akautafute mwenyewe. Lakini kusimama huko hula nusu saa au zaidi, na siku yetu ina saa saba na nusu tu. Nusu saa iliyokwenda dukani lazima itoke mahali: ama mgeni ataikosa mbugani, ama dereva ataifidia kwa kukanyaga mafuta kati ya Mariakani na Mazeras. Kwa njia hii ujira mdogo unageuka kuwa mwendo wa hatari, na hakuna kidhibiti mwendo kinachoweza kuponya hilo, maana madereva wanajua kuvichezea.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumekuwa tukiitumia methali hiyo kwenye hotuba za utalii bila kuuliza ni mwenyeji yupi anayepona. Ikiwa mtu aliyekaa na mgeni kutwa nzima, akabeba uhai wake mikononi, anarudi nyumbani na kisichotosha kulisha familia kwa siku mbili, basi mwenyeji hajapona, na mgeni ambaye uponyaji huo ulimtegemea yuko hatarini pamoja naye.

Sisemi wageni wasinunue vinyago. Wachonga vinyago Wakamba wana chama chao cha ushirika pale Changamwe, na ni raha kumwona mchongaji akimtoa kifaru kwenye gogo kwa tezo. Karakana za Bombolulu zimekuwa zikiwapa kazi watu wenye ulemavu tangu mwaka 1969. Mahali kama hapo panastahili kuwa ndani ya ratiba kwa jina lake, pakapewa saa yake, na mgeni akajua anakwenda kununua kwa nani. Ninachokipinga ni kusimamishwa kwa siri, kunakomwibia mgeni muda na kumfanya dereva aishi kwa kujificha.

Mkataba unaofaa

Mpango mzuri wa usafiri wa kundi unatosha kwenye ukurasa mmoja. Jambo la kwanza ni saa ya kugeuka. Mikataba mingi huandika saa ya kufika bandarini, na hapo ndipo kosa linapoanza, kwa kuwa mtu aliye mbugani saa saba mchana huiona saa kumi iko mbali. Anachohitaji kujua ni saa ambayo gari litageuza pua kurudi mjini, popote lilipo. Kwa safari yetu ya Tsavo, saa hiyo ni saba u nusu. Ikifika, si mwongoza wageni, si kiongozi wa kundi, si wakala kwenye simu anayeweza kumzuia dereva, na hatakatwa wala kunyimwa kazi kwa sababu ya kuondoka. Hayo yasomwe mbele ya wageni asubuhi, yeye akiwepo, ili wamjue kama mtu mwenye mamlaka.

La pili ni malipo. Dereva alipwe siku nzima kuanzia saa aliyotakiwa kupanga foleni, akilipwa sehemu kabla ya kuondoka na iliyobaki siku hiyohiyo jioni, na kamisheni za maduka zipigwe marufuku kwa maandishi. Bakshishi ibaki kuwa shukrani ya mgeni, isiwe nguzo ya mshahara.

La tatu ni magari yenyewe. Kwa kundi la watu 40, vani sita za watu saba saba ni bora kuliko basi moja kubwa. Basi moja likiharibika, watu 40 wamekwama porini. Vani moja ikiharibika, saba wanahamishiwa kwenye gari la akiba, na mpangaji mwenye akili daima huwa na gari moja tupu linalofuata nyuma. Mbugani vani yenye paa la kufunguka humpa kila mgeni dirisha. Na kwa wanaobaki mjini, basi kubwa haliwezi kuingia katika vichochoro vya Mji wa Kale, wala kugeuka kwa urahisi mbele ya Fort Jesus. Gharama ya gari la akiba ionekane wazi kwenye bei. Ni bima ya kundi zima.

La nne ni kuhesabiana. Kila kundi liwe na mtu mmoja mwenye orodha ya majina, anayehesabu watu kila gari linapoondoka mahali, na mwenye namba za simu za madereva wote na za wakala wa meli bandarini. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku mzee mmoja anapobaki chooni langoni Bachuma huku vani zote sita zikiamini yumo katika nyingine.

Haya yana uzito zaidi kwa makundi yanayojipangia yenyewe, yasiyonunua matembezi ya meli. Wanaokwenda na matembezi ya meli wana kinga: wakichelewa, kwa kawaida meli huwangoja au kampuni yake huwapeleka bandari inayofuata. Aliyejikodishia hana anayemngoja, na wale wanane wa São Tomé walilijua hilo kwa uchungu. Hata hivyo, mimi natamani makundi ya kujipangia yaongezeke, maana mnyororo unakuwa mfupi na sehemu kubwa zaidi ya fedha inaweza kumfikia mtu wa hapa. Ninachowaomba wayafanye kwa mpango. Waende na kampuni yenye leseni ya utalii na gari lenye bima ya abiria, waulize dereva atalipwa kiasi gani, na wasikimbilie bei iliyo chini kuliko zote. Bei hiyo aghalabu ndiyo itakayojaziwa dukani.

Yaliyo karibu yapewe heshima yake

Njia nyingine ya kumpa dereva nafasi ya kupumua ni kuacha kumwahidi kila mgeni Tsavo. Saa saba na nusu ni chache kwa nyika. Kwa pwani ni nyingi, na pwani hii haina upungufu wa mambo ya kuonyesha.

Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, iko umbali mfupi kutoka geti la bandari, na nyuma yake Mji wa Kale unaweza kujaza asubuhi nzima kwa milango yake, misikiti yake na harufu ya kahawa. Ukipandisha Mazeras kidogo uko Rabai, ambako Johann Ludwig Krapf alianzisha misheni mwaka 1846 na kuandika kuhusu lugha hii yetu, na ambako Kaya ya Warabai, moja ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2008, bado ina wazee wanaoitunza. Upande wa kaskazini, Mtwapa, kuna Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14 uliohamwa, kuta zake zikiwa chini ya mibuyu hatua chache kutoka ufukweni.

Na anayetaka wanyama asikate tamaa. Shimba Hills iko kama kilomita 33 kutoka mjini. Ina tembo, ina msitu, na ina palahala, swala mweusi mwenye pembe zilizopinda kama upanga, ambaye nchini Kenya hana makao mengine ya asili yaliyobaki. Zamani tulikuwa tukiihofia safari hiyo kwa sababu ya kivuko cha Likoni, ambako gari linaweza kukaa saa nzima kwenye foleni. Sasa barabara ya Dongo Kundu imefungua njia ya kusini bila feri. Ni nchi ileile, lakini mahesabu yake yamebadilika, na wapangaji wengi bado wanauza ratiba za enzi ya Likoni.

Safari fupi pia inawafaa wageni wenyewe. Wengi wao wana magoti yenye umri. Ngazi ya kupandia vani iko juu mno kwao, na kigoda cha mbao kisichogharimu kitu kinaweza kuamua kama bibi mmoja atashuka kuitazama bahari au atabaki ameketi ndani siku nzima. Kiti cha magurudumu kinahitaji gari lenye nafasi yake. Choo safi na kivuli vinahitaji kujulikana mahali vilipo kabla ya safari. Dereva aliyepewa muda huyashughulikia haya kwa moyo. Anayekimbizana na saa hana namna.

Wanaopinga husema nini

Nimewasikia mawakala wakisema dereva akipewa mamlaka hayo atayatumia vibaya, atawakatizia wageni safari ili awahi nyumbani. Lakini saa ya kugeuka imeandikwa. Kabla haijafika hana haki ya kuondoka, isipokuwa kwa hatari. Ikishafika, ndipo neno linakuwa lake. Kinga hiyo inahusu kila upande.

Wengine husema malipo ya haki yataifanya Mombasa kuwa ghali, na meli zitaelekea Zanzibar au Shelisheli. Nawajibu kwamba kamisheni ya duka tayari inalipwa na mgeni, imefichwa ndani ya bei ya twiga. Kuihamishia kwenye mkataba ni kuitoa kizani. Tena kampuni za meli huihesabu bandari kwa jambo moja kabla ya mengine yote: je, abiria waliotoka asubuhi walirudi jioni, wote, na wakiwa wazima? Tuliwahi kuonja hofu inavyoweza kuifunga bandari. Novemba 2005 maharamia walishambulia meli ya Seabourn Spirit karibu na Somalia ilipokuwa ikija Mombasa, na mwaka 2009 wakaishambulia MSC Melody upande wa Shelisheli. Meli zikatuhama, na madereva, waongoza wageni na wachonga vinyago wakakaa misimu mingi mikono mitupu. Balaa lile halikuwa la kujitakia. Vani ya wageni ikipinduka Mariakani kwa sababu dereva alikuwa akifidia dakika za dukani, hilo litakuwa letu wenyewe.

Wapo pia wanaosema hili linahitaji sheria mpya. Silioni hitaji hilo. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 ilishaunda Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, inayotoa leseni kwa kampuni za kutembeza wageni, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama nayo ipo kwa ajili ya magari. Waongoza wageni wana mitihani yao ya shaba, fedha na dhahabu, inayowapa hadhi na bei. Kilichobaki ni kuongeza masharti mawili kwenye leseni zilizopo, lile la saa ya kugeuka na lile la malipo ya wazi. Halmashauri ya Bandari, iliyotujengea jengo zuri la kuwapokea abiria wa meli za watalii pale Kilindini, inaweza kuongeza mambo mawili yasiyohitaji zabuni kubwa. La kwanza ni ubao mkubwa getini unaoonyesha saa ya meli na saa ya mwisho ya kurudi. La pili ni mahali pa madereva kungojea penye kivuli, choo na maji. Mtu aliyeketishwa juani tangu alfajiri hawezi kuwa mwangalifu saa tisa alasiri, hata akitaka.

Vyama vya madereva navyo vina wajibu. Haki ya kusema neno la mwisho hudai mtu anayeaminika: asiyeendesha na simu sikioni, anayelikagua gari lake jana yake, anayejua kumwambia mgeni "sasa basi" bila kumvunjia heshima. Wafundishane hayo, na anayekiuka wamtoe kwenye orodha wao wenyewe kabla hajatolewa na mwingine.

Meli za watalii huja kwa wingi katika miezi ya kaskazi. Kabla ya meli ya kwanza ya msimu ujao kufunga gati, kila kampuni inayokusanya magari kwa ajili ya wageni ina muda wa kukaa na madereva wake na kuandika ukurasa huo mmoja. Sharti la saa ya kugeuka halitawagharimu hata shilingi. Sharti la malipo litawagharimu, na hilo ndilo litakaloonyesha kama walikubali la kwanza kwa dhati. Nawaomba wayaandike yote mawili.